Amana Iliyomo Ndani ya Simu



Nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni katika miaka ya 1970, maalim wetu alikuwa na kazi nyengine mbali na kutusomesha. Waume wengi wa mtaa wetu walikuwa wamekwenda Arabuni kutafuta maisha, na wake zao wengi hawakujua kusoma. Barua ikifika, mama huja nayo chuoni, ameifunga kwenye pindo la kanga. Maalim hututoa nje sote, hata sisi tuliokuwa tumekaribia kukhitimu, akamsomea kwa sauti ya chini, kisha akaikunja akamrudishia mwenyewe. Katika barua hizo mlikuwa na mambo ya fedha, ya ugomvi wa mawifi, ya mapenzi ya mume na mke, na pengine ya talaka. Sikupata kusikia hata siku moja neno la barua hizo likitajwa barazani. Maalim alikufa nayo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya kijana mmoja niliyemsomesha. Usiku mmoja alisimamishwa njiani na askari. Hakutajiwa kosa lolote. Akaamrishwa atoe simu, akaamrishwa aifungue, naye kwa khofu akaifungua. Askari mmoja akawa anawasomea wenziwe kwa sauti, huku wanacheka, maneno ambayo dada wa kijana yule alimwandikia nduguye juu ya maradhi yake ya uzazi. Kisha wakamrudishia simu yake, wakamwambia aende zake.

Kijana alinijia baada ya sala ya alfajiri. Akaniambia: "Maalim, sikupigwa wala sikuibiwa kitu. Lakini najiona kama niliyevuliwa nguo njiani. Na dada yangu nitamwambia nini?" Kisha akaniuliza: "Je, nilikuwa na haki ya kukataa?"

Sikuwa na jawabu ya kumpa papo hapo. Mimi ni mtu wa vitabu vya dini, si wakili. Nikamwomba anipe muda nitafute. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyapata, nami nimeona si haki yawe ya kijana yule peke yake, kwani simu tunayo sote.

KISA CHA UKUTA

Tuanze karibu na nyumbani. Wanavyuoni wamekipokea kisa cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab, aliyekuwa khalifa tangu mwaka 634 hata alipouawa mwaka 644. Ilikuwa ada yake kuzunguka usiku katika mji wa Madina kuangalia hali za raia. Usiku mmoja akasikia sauti ya mtu anaimba ndani ya nyumba, akashuku. Akapanda ukuta, akamkuta yule bwana yuko na mwanamke na pombe mbele yake. Akamkemea kwa ukali.

Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amemuasi Mungu kwa jambo moja, basi Amiri wa Waumini amemuasi kwa matatu. Amepeleleza, na Qur'ani katika Suratul Hujurat imekataza kupeleleza. Amepita ukutani, na Suratul Baqara imeamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake. Tena ameingia bila ya kutaka idhini wala kutoa salamu, na Suratun Nur imekataza kuingia nyumba za watu namna hiyo. Umar, ambaye wafalme wa Rumi na wa Fursi walikuwa wakimwogopa, hakumjibu kwa upanga. Alimuuliza kama atatengenea akimsamehe. Yule mtu akaahidi, na Umar akamwacha akatoka.

Tazama, ndugu msomaji, yule mtu hakusema kwamba pombe ni halali. Wala Umar hakusema, "Kwa kuwa nimekukuta na haramu, basi ukuta niliopanda si kitu." Ubaya wa kilichomo ndani haukuhalalisha njia aliyoingilia mwenye mamlaka. Mizani hii tuishike, kwani tutaihitajia mpaka mwisho wa maneno yetu. Tutauliza mambo matatu: je, kulikuwa na sababu ya kutafuta? Je, mtafutaji alipita mlangoni? Na je, alikuwa na idhini ya mwenye haki ya kuitoa?

NYUMBA YA ENTICK

Sasa twende Uingereza, kwani sheria za upekuzi tulizo nazo katika Afrika ya Mashariki asili yake ni huko, zililetwa na utawala wa kikoloni.

Tarehe 11 Novemba 1762, wajumbe wanne wa mfalme, mmoja wao Nathan Carrington, waliivamia nyumba ya mwandishi mmoja aitwaye John Entick huko Stepney, karibu na London. Walimshuku kuwa ameandika maneno ya kuishutumu serikali. Wakakaa humo saa nne, wakavunja makufuli ya makasha na madawati, wakasoma makaratasi yake ya faragha, na mengi wakayachukua. Walikuwa na hati mkononi, lakini hati ile haikutolewa na hakimu. Iliandikwa na waziri, Lord Halifax. Yaani mwenye kushutumiwa ndiye aliyetoa idhini, na watumishi wake ndio walioitekeleza.

Entick akawashitaki. Mwaka 1765 Jaji Lord Camden akatoa hukumu. Upande wa serikali ulisema kwamba hati za namna ile zimekuwa zikitolewa miaka mingi, na kwamba dola haiwezi kujilinda bila ya hizo. Jaji akajibu kwamba kama kuna sheria inayoruhusu jambo hilo basi itaonekana katika vitabu vya sheria, na kama haionekani basi haipo. Haja ya dola peke yake haigeuki ikawa sheria. Tena akaeleza kwamba makaratasi ya mtu ni katika mali yake iliyo azizi mno kwake, na kuyakagua tu, hata bila ya kuyachukua, ni madhara. Entick akalipwa fidia ya paundi 300.

Katika zama hizo hizo, ng'ambo ya bahari, mji wa Boston ulikuwa bado chini ya Waingereza. Maofisa wa forodha walikuwa na hati za kuwaruhusu kuingia nyumba yoyote kutafuta mali ya magendo. Hati hizo hazikutaja nyumba wala mtu, na ziliishi maadamu mfalme yu hai, na miezi sita baada ya kufa kwake. Mwezi wa Februari 1761 wakili James Otis alisimama mahakamani kuzipinga. Alishindwa. Lakini mahakamani alikuwepo kijana aitwaye John Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa pili wa Marekani, naye alipokuwa mzee aliandika kwamba uhuru wa nchi yake ulizaliwa siku ile, ndani ya chumba kile.

Basi Wamarekani walipojitawala waliliandika jambo hili katika katiba yao. Marekebisho ya Nne, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda watu, nyumba zao, makaratasi yao na vitu vyao na upekuzi usio na sababu. Hati haitolewi ila kwa sababu yenye nguvu, iliyotiliwa kiapo, na ni lazima itaje mahali pa kupekuliwa na kinachotafutwa. Hii ndiyo maana ya mlango katika sheria za kilimwengu: asiyekuwa mtafutaji ndiye apime kwanza kama kuna haja ya kutafuta.

BARUA NA WAYA

Ama mwanaadamu akipata chombo kipya cha kuwasiliana, mwenye nguvu hudai kuwa hukumu ya zamani haikihusu.

Ilianza kwa barua. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba barua iliyofungwa, hata ikiwa mikononi mwa posta, ina himaya ile ile ya karatasi iliyoko nyumbani kwa mwenyewe, wala haifunguliwi ila kwa hati. Maalim wetu hakuisoma hukumu hiyo, lakini aliitenda.

Kisha ikaja simu ya waya. Huko Seattle alikuwepo Roy Olmstead, aliyekuwa askari polisi kisha akawa mfanya magendo ya pombe, wakati pombe ilipokuwa imepigwa marufuku nchini humo. Wapelelezi walitega nyaya za simu nje ya nyumba yake, wakasikiliza kwa miezi. Mwaka 1928 majaji watano kwa wanne wakasema hapana upekuzi uliofanywa, kwani hakuna aliyetia mguu ndani ya nyumba. Jaji Louis Brandeis alipinga. Alionya kwamba itafika siku serikali itaweza kuyatoa makaratasi ya mtu hadharani bila ya kuyagusa dawatini mwake. Aliyasema hayo zaidi ya miaka 80 kabla ya sisi kutia simu hizi mifukoni.

Hukumu ile ilidumu miaka 39. Mwaka 1967 ikaja kesi ya Charles Katz, mcheza kamari wa Los Angeles, aliyerikodiwa maneno yake katika kibanda cha simu ya njiani. Hapo mahakama ikageuka, ikasema kwamba Marekebisho ya Nne yanawalinda watu, si kuta peke yake. Mtu akifunga mlango wa kibanda akazungumza, ana haki ya kudhani kwamba hasikilizwi.

Utaona kwamba wengi waliozileta kesi hizi hawakuwa wacha Mungu. Huyu wa pombe, huyu wa kamari, kama yule mtu wa Madina. Haki nyingi tunazojivunia watu wema zimepatikana kwa midomo ya wakosefu, kwani mwema ni nadra kuvunjiwa mlango, na akivunjiwa huona haya kusema.

SIMU YA MFUKONI

Tarehe 22 Agosti 2009, katika mji wa San Diego, kijana David Riley alisimamishwa na polisi kwa sababu usajili wa gari lake ulikuwa umepitwa na muda. Leseni yake nayo ilikuwa imesimamishwa. Gari likapekuliwa, zikapatikana bastola. Akakamatwa, na simu yake ikafunguliwa bila ya hati, ikatazamwa picha kwa picha, na kwa picha hizo akafungamanishwa na kisa cha kupigwa watu risasi. Kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu, serikali ilitoa hoja ya zamani, kwamba polisi akimkamata mtu ana ruhusa ya kumpekua mifuko, na simu ni kitu cha mfukoni kama sigara au pochi.

Tarehe 25 Juni 2014 majaji wote tisa, bila ya hata mmoja kupinga, waliikataa hoja hiyo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba simu ya leo yaweza kufichua mambo mengi kuliko upekuzi wa nyumba nzima, kwani ndani yake mna barua, picha, maradhi, fedha, na mahali mtu alikopita kwa miaka. Polisi wakitaka kuiangalia, njia yao ni moja: waende wakachukue hati. Na ikiwa kuna dharura ya kweli, kama maisha ya mtu yaliyo khatarini, mlango wa dharura wameachiwa wazi.

Khasa hapa ndipo ninapotaka utue, msomaji wangu. Nyumba ya mtu ina siri zake na za watu wake wachache. Ama simu ina siri za kila aliyemwamini mwenye simu. Mimi mwenyewe, tangu watu walipoacha kuja barazani na badala yake kunipelekea maneno kwa simu, nina ndani ya chombo hiki talaka zilizosuluhishwa bila ya jirani kujua, mirathi ya ndugu waliokaribia kushikana makoo, na maswali ya mabinti wasiothubutu kuwauliza mama zao. Siku simu yangu itakapofunguliwa na mtu asiyehusika, nitakayeaibika si mimi. Wataaibika watu walioniweka amana. Ndiyo maana kijana yule hakulia kwa ajili yake, alilia kwa ajili ya dada yake.

KUFULI YA WOTE

Usidhani, hata hivyo, kwamba hoja zote ziko upande mmoja. Tarehe 2 Disemba 2015, katika mji wa San Bernardino, California, mume na mke walivamia mkusanyiko wa wafanyakazi wakauwa watu 14 na kuwajeruhi 22. Wenyewe waliuawa na polisi siku hiyo hiyo. Watu hawa walijinasibisha na dini yetu, wala hapana haja ya kuuma maneno: walilofanya ni uuaji wa watu wasio na hatia, na mayatima wao wana haki juu ya kila mtu mwenye imani.

Simu aliyopewa mume na ofisi yake ya kazi, iPhone 5C, ilipatikana imefungwa. Wapelelezi wa FBI walikuwa na hati, na ofisi yenye simu ilitoa ridhaa. Kwa hivyo mlangoni walipita, na idhini walikuwa nayo. Khatari ilikuwa kwamba simu ile huenda ikajifuta baada ya kujaribiwa namba ya siri mara kumi. Tarehe 16 Februari 2016 hakimu mmoja akaiamrisha kampuni ya Apple itengeneze programu ya kuondoa kizuizi hicho, kwa kutegemea sheria ya mwaka 1789. Apple ikakataa. Ikasema kwamba chombo cha kuifungua simu ya muuaji kikishakuwepo, kitaweza kufungua simu nyengine za namna yake, na hapana ajuaye kitaishia mikononi mwa nani.

Fikiri mfano wa fundi wa makufuli. Akiitwa na kadhi aje avunje kufuli moja ya mwizi, ni wajibu wake kwenda. Lakini akiambiwa achonge ufunguo unaofungua kufuli zote alizopata kuuza, ana haki ya kusita, kwani wateja wake walinunua kwake usalama, wala wengi wao hawana kesi. Mwezi huo huo wa Februari hakimu mwengine huko New York, James Orenstein, katika kesi ya madawa ya kulevya, alikataa kuitumia sheria ile ya 1789 namna hiyo. Mahakimu wawili wa nchi moja, kwa sheria moja, walikhitalifiana.

Jambo hili halikuamuliwa na mahakama. Tarehe 28 Machi 2016 serikali ilitangaza kwamba imeifungua simu ile kwa msaada wa mtu mwengine, ikaiondoa kesi. Mwaka 2017 Seneta Dianne Feinstein alitaja kwamba malipo yalikuwa dola 900,000.

Na hapo pana fundisho. Wengi walishangilia kwamba kampuni imeshinda, kumbe kufuli ilivunjwa kwa njia nyengine. Tangu hapo biashara ya vyombo vya kufungulia simu imekua. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 uligundua kwamba idara za polisi zaidi ya 2,000 zimenunua vyombo hivyo, katika majimbo yote 50. Chombo huunganishwa na simu, kikanakili ujumbe, picha, na mara nyingi hata yaliyofutwa. Basi asidanganyike mtu kwamba kufuli ya fundi itamtosha. Hapana ukuta usiopandika. Kinachomzuia mpandaji ni sheria iliyo mbele yake na khofu ya Mungu iliyo ndani yake, na vikikosekana hivyo viwili, ukuta hauna faida.

ALIYEKATAA HEATHROW

Sasa turudi kwenye swali la kijana: je, mtu ana haki ya kukataa? Jawabu inategemea miguu yako imesimama wapi.

Mwezi wa Novemba 2016 Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa jumuiya iitwayo CAGE, alitua kiwanja cha ndege cha Heathrow akitokea Qatar. Akasimamishwa kwa sheria ya ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000, ambayo inawaruhusu maofisa wa bandarini kumhoji msafiri hata bila ya kumshuku kwa jambo lolote. Wakamtaka namba za siri za simu na kompyuta yake. Akakataa, akasema vyombo hivyo vina khabari za mtu aliyempa siri ya kuteswa kwake, na hana ruhusa ya kuzitoa. Mwezi wa Septemba 2017 mahakama ya London ikamtia hatiani. Hakufungwa, alipewa masharti ya miezi 12 asirudie kosa, na kulipa gharama za paundi 620. Mahakama haikusema kwamba ni mtu mwovu. Ilisema kwamba sheria haikumpa ruhusa ya kukataa. Alikata rufaa, na mwaka 2018 ikatupwa.

Pima kwa mizani yetu. Sababu ya kumshuku haikuhitajika. Idhini ilitoka kwa maofisa wenyewe waliotaka kutafuta. Nchi iliyompa Entick paundi 300 katika mwaka 1765 kwa sababu waziri hakuwa na haki ya kujiandikia hati, katika zama zetu imewapa maofisa wake wa bandarini kitu kinachofanana na hati ile. Tofauti ni kwamba sasa kimeandikwa katika vitabu vya sheria.

Huko Marekani nako mahakama za majimbo zimegawanyika. Ile ya Pennsylvania mwaka 2019 ilisema mshitakiwa halazimishwi kutaja namba yake ya siri, kwani ni kumtolesha ushahidi juu ya nafsi yake. Ile ya New Jersey mwaka 2020 ikasema hulazimishwa.

Ama kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu asipekuliwe yeye wala nyumba yake wala mali yake, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Katiba ya Tanzania, kifungu cha 16, nayo inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Haki hizi zina mipaka, na mipaka huwekwa na sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta ilimtaka polisi aombe hati mahakamani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 juu ya makosa ya mtandao ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya upekuzi akiwa na sababu za msingi za kushuku. Wewe uliyesoma kisa cha Lord Halifax utaiona tofauti bila ya mimi kuieleza.

Nilimwita yule kijana nikamwambia hivi: "Mwanangu, haki ya kuuliza ulikuwa nayo. Askari akikusimamisha, msalimie, wala usishindane naye kwa mikono. Muulize kwa adabu ni kosa gani, na hati iko wapi. Akikulazimisha, jua jina lake na kituo chake, kisha uende kwa wakili siku ya pili. Wasioulizwa huzoea. Na polisi si adui yetu. Siku nyumba yako itakapovunjwa na wezi, ni yeye utakayemkimbilia. Tunachomtaka ni kwamba apite mlangoni."

Akaniuliza: "Na dada?" Nikamwambia aende amweleze ukweli, kwani siri ilikuwa yake, naye ana haki ya kujua imefika wapi. Alikwenda. Dada alinyamaza siku mbili, kisha akamwambia kwamba tangu leo maneno kama yale atamwambia uso kwa uso. Nami sikujua nifurahi au nisikitike.

LINALOTUHUSU SISI

Kabla sijaweka kalamu chini, nina neno moja ambalo huenda likakuchoma, nami limeanza kunichoma mwenyewe. Tunawalaumu askari, hali sisi majumbani mwetu tunafanya lile lile bila ya bunduki. Mume anangoja mkewe alale apate kuifungua simu yake. Mke anaishika simu ya mumewe akiwa bafuni. Mtu anapelekewa neno la siri, na kabla ya chai kupoa ameshalisambaza kwa watu mia. Wazazi tuna haki ya kuwaangalia watoto wadogo, na huo ni ulinzi. Lakini kumpeleleza mtu mzima kwa dhana tu ndilo kosa la kwanza kati ya matatu aliyoambiwa Sayyidna Umar, naye alikuwa Umar. Hatuwezi kuidai serikali heshima tusiyoitoa sisi kwa sisi.

Kwa hivyo fanya mambo mepesi haya. Funga simu yako, wala usione kwamba kufunga ni dalili ya uovu, kwani hata maalim wetu alifunga mlango. Futa siri ya mtu ikishakwisha haja yake. Usifungue simu isiyo yako. Na ikiwa wewe ni askari, au baba wa askari, au mwalimu wa atakayekuwa askari, mkumbushe kisa cha ukuta.

Maalim wetu hakuwa na katiba mkononi. Alikuwa na barua ya mtu, na akajua kwamba si yake. Mwenyezi Mungu atusitiri aibu zetu, na atujaalie kuwa wasitiri wa aibu za wenzetu. Amin.